Mtungi Haumo

Laban aliigeuza karatasi ya kura, akaikagua nyuma, akairudisha. Nyuso za wagombea urais zilimkodolea macho. Mtungi, alama ya chama chake, haukuwamo.

"Kaka, kuna shida?" karani akauliza.

"Naomba karatasi ya mbunge."

"Huku Doha ni rais peke yake. Mbunge anapigiwa kura nyumbani."

"Lakini nyumbani nilishajitoa. Kura yangu niliihamishia huku."

"Basi ndiyo hiyo uliyoshika."

Laban alikuwa mlinzi wa geti kule Al Thumama, hodari wa kueleza hata jambo asilolijua. Katika chumba walichopanga mtaa wa Najma, yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa Chama cha Mtungi, kilichotaka Pwani ijitenge kwa kura, bila jiwe kurushwa, kisha ardhi na zahanati ziwe za wote. Urais wa Nairobi chama hakikuutaka hata bure. Kwao kilimsimamisha Pamela, dada yake Laban, muuguzi aliyeacha kazi ili agombee ubunge. Na ni Laban huyu aliyewashawishi watu wa kwao, Ijumaa baada ya Ijumaa, kwa chai ya maziwa, wahamishie kura zao Doha, akiwaahidi kuwa watampigia Pamela huko huko.

Nje, kwenye foleni, Faridah alikuwa akijifuta jasho kwa ncha ya mtandio. Alikuwa amembembeleza bosi wake wiki nzima apewe ruhusa ya saa chache.

"Mwenyekiti! Mtungi uko juu ama chini? Nisije nikakosea."

"Haumo."

"Haumo vipi? Si wewe uliyetuambia tuhame?"

Laban alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliinamisha kichwa, akaenda zake kituo cha basi.

Pamela alimpigia simu matokeo yalipotangazwa. Laban alikuwa zamu getini.

"Tumeanguka, mdogo wangu. Tofauti ni kura chache mno, wenye kura hizo hawajazi hata chumba kimoja."

"Pole, dada."

"Kazini hawanirudishi. Chama nacho, watu wameshaanza kutawanyika. Lakini kura za kwenu zilifika, sivyo? Nilikuwa nikiwategemea ninyi."

Laban alitazama wino kidoleni. Alikuwa ameusugua kwa sabuni na mchanga, haukutoka.

"Zilifika, dada. Zote."

"Mungu awabariki."

Gari likapiga honi. Laban akabonyeza kitufe, mti wa geti ukainuka, gari likapita. Simu ilikuwa imeshakatika, naye bado ameishikilia sikioni, na mti wa geti umebaki juu.