Kibao cha Wiki ya Kufagia

Mwanangu Volkmar alianza na mashine za kufyonza vumbi, akafilisika. Akahamia kwenye miavuli kutoka Ureno, na kiangazi hicho mji wetu wa Stuttgart, Ujerumani, haukuona mvua. Kisha akaniambia amekuwa mfanyabiashara wa sanaa. Nikamuuliza kama sanaa inaliwa. Akasema, "Mama, wewe hujui kuona." Nikamjibu kwamba naona vizuri sana, tena naona bado anakula kwangu.

Chumba cha kuonyeshea picha alikipata kwa Bi Kächele, mjane mwenye nyumba ya ghorofa nne, chini palipokuwa bucha. Kulabu za nyama zilikuwa bado darini. Kodi ilikuwa nafuu na sharti lilikuwa moja: kufagia. Nyumba ile, kama nyumba zetu zote, ina kibao cha mbao kilichochongwa maneno "Wiki ya Kufagia". Kikining'inia mlangoni kwako, ngazi na njia ya mbele ni zako. Jumamosi ukimaliza, unakitundika kwa jirani. Hupigi kengele, husemi neno. Kibao kimeshasema.

Volkmar alikuwa amekwepa zamu mbili. Bi Kächele alimsimamisha mbele yangu.

"Kijana, ukikwepa na ya tatu, unatoka na picha zako. Chumba nitampa mwenye ufagio."

Zamu ya tatu ikaangukia wiki ya maonyesho yake ya kwanza. Jumamosi hiyo nilifika na beseni la saladi ya viazi, nikakuta vumbi ngazini na mlango mtupu.

"Kibao kiko wapi?"

"Nimekiweka ndani, Mama. Wageni wakikiona watanionaje?"

"Watakuona mpangaji. Shika ufagio."

"Nitafagia kesho."

"Kesho Jumapili, we mtoto! Nani anafagia Jumapili? Unataka tuhame mji?"

Wageni wakaanza kuingia, akanikimbia. Kibao alikuwa amekitundika kwenye msumari wa ukuta wa nyuma, kati ya turubai jeupe la kuchorea, tupu, na rundo la waya lenye jina refu kuliko ukoo wetu.

Akaja Bwana Oettle, mwenye kiwanda cha parafujo. Alizipita picha zote kama mtu anayetafuta choo. Mbele ya kibao akaganda.

"Hiki!" akasema. "Marehemu mama yangu alinikimbiza na hiki utoto wangu mzima. Nani amethubutu kukitundika ukutani kama picha?"

"Msanii hapendi kujulikana," akasema Volkmar. Mdomo wake siku zote hutangulia kichwa.

"Kinauzwa?"

Nilikohoa. Nilikohoa tena, kwa nguvu. Volkmar akabandika alama nyekundu, ile ya kuonyesha kitu kimeuzwa, na Bwana Oettle akaondoka na kibao chini ya koti.

Jumapili asubuhi Bi Kächele alipanda na kushuka akikagua milango. Akabisha kwa Volkmar. Nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kuchukua beseni langu.

"Kibao alichonga marehemu mume wangu," akasema. "Jumamosi ijayo nataka kukiona kwa Zaiser, mwenye zamu inayofuata, na ngazi ziwe safi. La sivyo, Jumatatu bucha inarudi kuwa bucha."

Volkmar akampigia simu Bwana Oettle, akambembeleza, akataka kumrudishia fedha yote.

"Thubutu!" ilisikika mpaka nilipokaa. "Kiko juu ya meko. Mke wangu anakichukia. Sikitoi!"

Nikamnyang'anya mwanangu simu.

"Bwana Oettle, mimi ni mama yake. Umekitundika?"

"Nimekitundika, tena sebuleni."

"Basi zamu ni yako."

Nikamsikia akiweka kikombe chini.

"Upo, Bwana Oettle?"

"Ghorofa ngapi?" akauliza, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa kuoga.

"Nne. Na njia ya mbele. Uje na ndoo yako."

Nilijua atakuja. Mtu wa kwetu anaweza kukwepa kodi, hata kanisa, lakini akilelewa na mama wa aina ile hawezi kulala kibao kikimtazama. Volkmar tu ndiye aliyenishinda.

Jumamosi Bwana Oettle alifika kwa gari kubwa, ndoo ikiwa kwenye kiti cha abiria. Akapiga magoti ngazini na suruali yake ya suti. Bi Kächele akasimama juu yake.

"Pembeni, bwana! Vumbi halikai katikati kungoja wageni!"

"Ndiyo, Bi Kächele."

"Na hilo zulia, linyanyue. Unalionea haya?"

Alitoka jasho, na alikuwa anatabasamu. Alipokamua tambara la mwisho, alikitoa kibao kwenye kisanduku cha mahameli, akakitundika mlangoni kwa Zaiser, akashuka kwa ncha za vidole bila kupiga kengele. Alipofika chini ndipo akashika kichwa.

"Nimempa Zaiser sanaa yangu!"

"Umempa zamu yake," akasema Bi Kächele. "Safi kabisa. Mpangaji ndiye huyu sasa."

Volkmar akabadilika rangi. Bwana Oettle hakumtazama.

"Zamu yangu itarudi lini?"

"Wewe hukai hapa."

"Basi nipangishe! Kwangu kuna watumishi, hakuna anayeniruhusu kugusa hata kijiko."

Wakapeana mikono palepale. Bwana Oettle akawa mpangaji na mfagiaji, Volkmar akabaki ndani kuuza picha kwa ruhusa yake, na kulabu zikabaki bila nyama.

Siku hizi watu husema mwanangu ana jicho. Juzi nilimkuta amesimama mbele ya ndoo ya Bi Kächele, kichwa ameinamisha upande, mkono mfukoni kwenye alama nyekundu.

"Thubutu," nikamwambia.