Pumzi ya Ndiyo

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, Mwabungo kulikucha na mvua ya masika, ile isiyo na radi wala haraka, na joto halikupungua hata kidogo. Dama alikuwa magotini tangu alfajiri na bado hakuwa amesema Amina.

Kwa miaka miwili alikuwa akimwomba Mungu amtumie kwa kazi yake. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, mpishi wa chakula cha mahabusu kituoni, na jioni tatu kwa wiki alikwenda gumbaru huko Ukunda kujifunza kusoma. Darasa likiisha, alivuka barabara kwenda kwa Tirunesh, Mhabeshi aliyeuza kahawa kibandani. Vijana wa Kihabeshi walikuwa wakikamatwa njiani kila mwezi, wakienda kusini kutafuta kazi. Dama aliwapa ugali kupitia nondo, wao wakimtazama tu, na jambo hilo lilimuumiza roho. Akaamua ajifunze lugha yao.

Tirunesh hakumfundisha lugha ya kitabu. Alimfundisha ya uani: "ishi", ambalo mtu hulisema akikubali jambo hata kama halipendi, "fara", yaani mshamba, jina alilompa Dama kila alipokosea, na "ayzosh", yaani jipe moyo, neno analoambiwa mwanamke aliyeanguka, aliyefiwa, au anayengoja zamu yake hospitali. Lililomshinda Dama zaidi halikuwa neno. Wahabeshi wakizungumza kwa mazoea, husema ndiyo kwa kuvuta pumzi ghafla, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi mgongoni. Kila mara Dama alidhani amemshtua mwenzake, akaomba radhi. Tirunesh alicheka hadi akalazimika kuweka birika chini.

"Hujanishtua, Mama Dama. Nimekubali tu. Haya, vuta na wewe, na usikohoe."

Halafu likaja lile lori. Lilikamatwa ng'ambo ya Msambweni, limejaa nazi, na chini ya nazi kulikuwa na Wahabeshi kumi na tisa. Mmoja wao alikuwa amekwisha kufa kwa kukosa hewa. Dereva aliruka, akatokomea mashambani. Polisi walimfuata Musau, kwa sababu kila mtu alijua lori lile huendeshwa na Musau. Musau alisema siku ile alikuwa kitandani na homa, na aliyechukua ufunguo hakumwona. Shahidi wake alikuwa mkewe tu, Dianah, na polisi hawakuona kama mke ni shahidi.

Ni mtu mmoja tu aliyemwona dereva usoni. Hirut, msichana wa miaka ishirini na miwili, aliwekwa kiti cha mbele kwa kuwa alikuwa mwanamke pekee. Aliyekufa nyuma alikuwa kaka yake, Abera. Polisi walimhoji kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa sauti kubwa, wakachoka.

Dama ndiye aliyemfungua kinywa. Alimletea chai, akamwambia "ayzosh", na msichana akalia mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo alimwita Dama "emaye", mama yangu. Alimsimulia jinsi Abera alivyogonga ukuta wa lori, na jinsi yeye alivyomsihi dereva asimame. Dereva aliongeza sauti ya redio.

Siku moja, ili kumpoza, Dama alimwonyesha simu yake: bustani, mbuzi, kwaya ya kanisa siku ya Pasaka. Hirut aliweka kidole juu ya uso wa kijana wa mstari wa nyuma, na kidole hakikuondoka.

Dama alimwuliza kama anamfahamu yule. Hirut hakusema neno. Alivuta pumzi.

Kijana yule alikuwa Nzai, kitinda mimba wa Dama, utingo wa Musau. Mchana ule ule mama mtu alimkuta nyumbani akila muhogo. Nzai hakubisha. Alieleza kwamba Musau alipougua, yeye alichukua ufunguo chini ya mto wa mgonjwa, kwamba aliambiwa ni safari moja tu, na kwamba kule kugonga alidhani ni nazi.

"Nazi zinapiga kelele za mtu?" Dama alimwuliza.

"Mama, ningesimama ningekamatwa."

Dama alifunga mlango. Kisha akamwambia amalize kula, asitoke nje, na aende kwa mjomba wake huko Taru kabla ya Jumapili. Usiku hakulala. Alimwomba Mungu njia, na kulipokucha njia ilikuwa kichwani mwake, nzima, kama kitu alichopewa mkononi. Akaamini imetoka alikoiomba.

Ndiyo maana asubuhi hii ya mvua hakuweza kusema Amina. Mkalimani wa Mombasa asingefika, Tirunesh hakuwa na karatasi za kumruhusu kukanyaga kortini, na karani wa mahakama, Chirau, alikuwa amempigia Dama simu aje yeye kutafsiri.

Nje ya mahakama Dianah alimwamkia shikamoo na kumshika mikono yote miwili. Alisema kwamba Musau alilia kwa furaha aliposikia mkalimani ni Mama Dama, mtu wa kanisani kwao. Dama alijibu marahaba, akasema Bwana yupo.

Kisha akaingia chumba cha mahabusu. Hirut alisimama, akamkumbatia.

"Emaye, ninaogopa. Nitamwambiaje hakimu?"

Dama alimjibu kwa lugha ya uani, taratibu, kama alivyofundishwa kwenye kibanda cha kahawa. "Usimwambie kitu. Kule ndani watu ni wengi, usipige kelele, usitikise kichwa, usinyooshe kidole. Nitakuuliza mimi. Nitakuuliza kama dereva ni mwingine, si huyu mzee. Wewe vuta pumzi tu, kama kwenu. Mengine niachie."

"Na yule wa kwenye picha?"

"Atajulikana. Ayzosh."

Hirut akasema ishi.

Ukumbini Musau alikuwa kizimbani, amekonda, koti la kuazima likimpwaya. Dama alijua itakavyokuwa. Hakimu atauliza kama huyu ndiye dereva. Yeye atauliza jingine. Msichana atamtazama Musau na kuvuta pumzi kwa nguvu, na ukumbi mzima utaona mtu aliyeshtuka kumwona aliyemuulia kaka yake. Na mkalimani atasema: anakubali, mheshimiwa. Hata pumzi yenyewe itakuwa ya kweli. Hilo alijiambia mara mbili, na mara ya pili lilimtuliza.

Chirau alimpa Biblia na karatasi ya kiapo, akanong'ona kwamba angeweza kumsomea kama herufi zinamsumbua. Dama alitikisa kichwa. Miaka miwili ya gumbaru ilikuwa kwa ajili ya siku kama hii. Aliinua Biblia kwa mkono wa kulia. Dianah alimtazama akitabasamu, Hirut alimtazama, Musau aliinamisha kichwa kama mtu anayesali, na Dama akasoma bila kukwama hata neno moja:

"Naapa mbele ya Mwenyezi Mungu, na mbele ya wote waliomo humu, kwamba nitatafsiri kwa kweli na kwa uaminifu kila swali na kila jibu, bila kuongeza, bila kupunguza, na bila kumpendelea mtu yeyote. Ee Mungu nisaidie."