Mkalimani wa Matapeli

...na akakaa pembeni yangu, jamani! Viti vyote vile vitupu, yeye akachagua cha ubavuni kwangu!

Mama Antoinette, msusi, Mkongo wa Uvira. Sikumjua kabla ya leo. Mvua ilimfukuza barabarani akaingia ukumbi wa chuo, analalamika kwa Kiswahili, na mimi nikaruka: "Shikamoo Mama!" Maana tangu Tina, mwenzangu wa nyumbani, ahame chumba chetu cha Glenwood, huku ugenini Kiswahili naongea na sufuria.

Walikuwa wanaonyesha filamu ya zamani, ile isiyo na rangi, bure. Mwanaume na mwanamke, matapeli, wanajifanya matajiri hotelini ili wamwibie mzee mmoja almasi zake.

"Banasema nini?" Mama akauliza. Kiingereza hasikii.

Nikamtafsiria vizuri tu, neno kwa neno. Akapiga miayo. "Bazungu banasema sana. Mvua inapunguka, miye naenda."

Eish! Nikamshika mkono. "Mama, ngoja! Huyo dada anamwambia kaka yake, mzee huyu ndo baba yao aliyewatupa!"

Akakaa. "Baba yabo?!"

Uongo mtupu. Mzee alikuwa anaagiza supu. Lakini Mama alishatoa karanga kwenye mkoba, akanijazia kiganja, akaniegemea. Ningefanyaje? Nikaendelea. Mzee akicheka, nasema analia kwa ndani. Mhudumu akiangusha sinia, nasema ndo mama yao, kajificha. Wanafunzi mbele wanavunjika mbavu, sisi nyuma tunafuta machozi. Mtu hajaniegemea hivyo tangu mama yangu anikumbatie stendi ya Moshi, Januari ya tisini na nane. Nilitaka inyeshe hadi Krismasi.

Halafu mwishoni wale matapeli wakabusiana. Mdomoni! Muziki, taa zikawaka.

Mama akashika kifua. "Mutoto! Kaka na dada?!"

Nje mvua imekatika kabisa. Akinishtukia tu, anaondoka, na mimi narudi kwenye ukimya wangu.

"Hapo ndo penye kisa, Mama," nikasema. "Kumbe hawakuwa ndugu. Walibadilishwa hospitali, wachanga. Ni habari ndefu."

Akanitazama, akanitazama. Sijui alijua? Akafunga kitambaa chake kichwani.

"Salon yangu iko pale kwa robot, kwa mataa ya barabara. Na hii nywele yako, mutoto, iko mubaya. Kuja, nakusuka, weye unanielezea."

"Kesho, Mama," nikasema, maana hadithi yenyewe ilikuwa bado kutungwa. "Kesho nakueleza yote."