Kiwanja Kitupu

…hamjambo nyote, tulieni, nyamazeni sasa, hivyo ndivyo mwalimu wetu wa darasa la watu wazima alivyoanza kila jioni, nami natamani kuwaambia vivyo hivyo hawa wawili, mkandarasi anayegombana na simu kuhusu kokoto, na binti yangu anayetikisa mguu chini ya meza, nyamazeni, mama anasoma, tena anasoma mwenyewe, kurasa nne nzima, nimefika kifungu cha saba, "Mama, si ameshatueleza? Kiwanja chetu, ujenzi wake, nyumba nne, mbili zake, mbili zetu, weka sahihi twende," ndiyo, kaeleza, lakini akili ya kuambiwa changanya na yako, mkandarasi anafunika simu kwa kiganja, anacheka, "Mwache bi mkubwa asome, dada, mimi wateja wangu wenye digrii hawafiki hata ukurasa wa pili," basi kichwa kikanivimba, nikashusha kidole kwenye mstari, mwenye kiwanja anathibitisha kwamba kiwanja ni kitupu, na kwamba ndani ya mipaka yake hakuna ma-ka, maka, ma-ka-bu-ri… labda nimekosea, labda miwani… hapana, makaburi, neno jepesi, hata mtoto wa darasa la kwanza… mtoto… siku tisa tu aliishi, kaka yake huyu anayetikisa mguu, huyu asiyejua kwamba ana kaka, mvua ilikuwa imebomoa daraja la kwenda makaburini, baba yake akachimba mwenyewe kwa jembe la kupalilia, kwenye kona ya kiwanja hikihiki, mimi nimekaa mlangoni pa kibanda chetu cha wakati ule maziwa yananidondoka, alipomaliza akaosha jembe, akasema tusiseme, mke wangu, kiwanja chenye kaburi hakina mnunuzi, hata jiwe hatukuweka, na yeye akaja akafa na siri yake, mimi miaka thelathini na minne kila anayeuliza namjibu kitupu, kitupu kile… "Na mchoro umeuona, bi mkubwa?" simu imekwisha, anasukuma karatasi kubwa, mistari ya buluu, nyumba ya kwanza, ya pili, na pale konani duara, nasoma, shi-mo la ma-ji ta-ka, "Hili shimo halisogei?" "Lisogee wapi? Kwingine kote mwamba, pale tu ndipo udongo laini, sururu inazama yenyewe, utadhani pamewahi kuchimbwa," ah… ningekuwa bado mtu wa dole gumba ningebonyeza tu, wino, karatasi, kwisha, dole halina macho, halina kesi na Mungu, lakini mkono huu umehangaika na jina langu miezi minne mpaka herufi zikakubali kukaa kwenye mstari, leo ndiyo mara yake ya kwanza kutoka nje ya daftari, na niliweke chini ya uongo, nimwagie mwanangu vyoo vya watu… "Mama, umefika wapi? Watoto wanalala watatu kitanda kimoja, mwenye nyumba anataka chumba chake mwisho wa mwezi," kwani sijui, mwanangu, nyinyi mnapumua, yule hapumui, anayepumua ndiye anayenyeshewa, nyumba sizikatai… ila karatasi inasema hakuna, basi asiwepo, nitakwenda kesho alfajiri kabla ya sururu za watu, nichimbe polepole, nikikaribia niache jembe nitumie vidole, nimtoe mwenyewe nimpeleke alikolala baba yake, sijui nitakuta nini, siku tisa zina mifupa kiasi gani, na nani atanikunjulia shuka la kumfungia… huyu, huyu wa mguu, njiani leo nitamwambia una kaka na kesho tunakwenda kumchukua, atalia, atanitukana moyoni, atakuja, "Mama! Kalamu hata kifuniko hujatoa!" "Mwache, dada, mwache," niacheni, ndiyo, sasa hivi nitasimama niage, mkandarasi niwekee kalamu yako, naondoka lakini nitarudi, Jumatatu nitarudi nikuandikie jina langu lote, pale kitakapokuwa kitupu kweli…