Inchi Kumi za Bwana Nukta

Mlinzi wa geti la hospitali ya wanajeshi wastaafu aliipokea ile kadi, akaisoma, akamtazama Bwana Nukta, akaisoma tena, kisha akachungulia nyuma ya mgongo wake kama anayetafuta mtu mwingine.

"Mwenye kadi yuko wapi?" akauliza.

Bwana Nukta akasema ndiye yeye. Mlinzi akamweleza, kwa upole kabisa, kwamba mwenye kadi ni mtu wa futi sita, imeandikwa hapa wazi, na yeye hawezi kumpitisha mzee kwa kadi ya mtu mwingine. Kama mwenyewe yuko karibu, basi akaitwe.

Ungecheka, lakini mkewe alikuwa pembeni ameshikilia kiwiko chake, macho yote mawili yamezibwa na mtoto wa jicho. Daktari wa macho, ambaye hufika hospitalini hapo mara moja kwa mwaka, alikuwa amempangia kupasuliwa kesho yake asubuhi. Mke wa mstaafu hutibiwa kwa kadi ya mumewe. Bila kadi hakuna kupasuliwa, na daktari akishaondoka ni kusubiri mpaka mwakani. Na mama wa watu hali yake haikuwa ya kusubiri. Wiki ile alikuwa ametia chumvi kwenye chai, amekimwagilia maji kiti akidhani ni ua, na jioni moja alilisimulia koti lililotundikwa mlangoni habari zote za jirani, mwanzo mpaka mwisho. Alipoambiwa ni koti, akasema hajali, maana lilimsikiliza vizuri kuliko mwenye koti.

Sasa tusemane ukweli kuhusu huyu Bwana Nukta. Jina hilo alipewa na wenzake jeshini, na waliompa hawakukosea. Kadi yake ilisema futi sita tangu siku ya kwanza, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulalamika hata kwa bahati mbaya. Alalamike kwa lipi? Kinyozi akimtania, kadi inatoka mfukoni. Shemeji zake wakimuuliza kama aliingia jeshini kwa kupita chini ya mlango, kadi mezani. "Mimi sibishani na serikali," alikuwa akisema, kisha anakunja mikono. Mwanamume mzima, babu wa wajukuu, anatembea na inchi kumi za bure mfukoni na wala haoni haya!

Siku hiyo kadi ilimgeuka.

Walikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya kumbukumbu za utumishi, chumba kirefu chenye mafaili yaliyopanda mpaka yakaziba madirisha, na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kelele nyingi bila kumpepea mtu. Karani alikuwa binti mwenye adabu, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Alilitoa faili, akalipekua, akasema urefu ni futi sita na muhuri upo, kwa hiyo faili halina kosa. Bwana Nukta akamwomba amtazame. Karani akamtazama kuanzia juu, na hakuchukua muda mrefu kufika chini. Akakubali kwamba tofauti ipo, ila hakuwa na hakika kosa liko kwenye faili au kwa mzee. Labda mzee amepungua, akasema, maana wazee hupungua. Bwana Nukta akauliza, inchi kumi? Karani akasema yeye si daktari. Kama alipungua akiwa kazini, aende dirisha la majeruhi. Kama alipungua nyumbani, hilo ni suala la familia.

"Nyumbani hajapungua," mkewe akasema kutoka kwenye benchi. "Nilimpokea hivyo hivyo."

Karani akafikiri, kisha akasema basi aletwe shahidi, mtu aliyeandikishwa jeshini siku moja naye.

Wa karibu alikuwa mmoja tu, fundi redio wa mtaa wa pili, aliyeitwa Mlingoti, na ukimwona huulizi kwa nini. Alikuja bila ajizi, bisibisi bado iko mkononi. Aliingia akiinama, feni ikamkosakosa, akamsalimia mke wa rafiki yake pale kwenye benchi, ndipo akaeleza. Siku ya kuandikishwa, sajenti aliwapanga foleni na yeye Mlingoti akawa wa kwanza. Sajenti akampima kweli kweli, urefu, kifua, akamkagua mwili, akaona kovu kwenye goti la kushoto, yote akayaandika. Halafu harufu ya nyama ikatoka jikoni. Sajenti yule alikuwa mtu wa tumbo. Waliobaki hakumpima hata mmoja. Kila aliyemfikia alimwandikia "kama hapo juu", mpaka mwisho wa foleni, akaenda kula.

Karani hakuamini. Akaburuta sanduku la kundi lile zima, akafungua faili moja, na jingine, na jingine. Kila askari futi sita. Kila askari kovu kwenye goti la kushoto. Hata mpishi wa kambi, ambaye Mlingoti aliapa kwamba alikuwa akisimama juu ya kreti ili aone kilichomo sufuriani, naye futi sita. Karani akalaza kichwa mezani, mabega yakamtetemeka. Bwana Nukta alidhani binti wa watu analia, akaanza kumpa pole, kumbe anacheka mpaka hewa inamwishia.

Alipojifuta machozi akamuuliza mzee, kwa heshima zote, ilikuwaje akakaa na kadi hiyo miaka yote asiligundue kosa. Bwana Nukta akasema alikuwa na shughuli nyingi. Mkewe akakohoa.

Basi, akasema karani, atampima hapo hapo na kadi mpya ataondoka nayo. Ila mzee aelewe kwamba sahihisho la namna hii hufanywa mara moja tu, na kesho hospitalini watampima tena pale mapokezi. Wakipata namba nyingine, kadi itazuiliwa na mama atarudishwa nyumbani. Akaenda kuazima utepe kwa fundi cherehani wa jirani, akamwambia Bwana Nukta avue viatu aegemee ukuta.

Mlingoti akaukanyaga mwanzo wa utepe kwa kidole cha mguu. Karani akaweka faili juu ya kichwa cha mzee, akainama kusoma namba. Na hapo ukutani, mbele ya macho yao, Bwana Nukta akashikwa na huzuni ambayo hakuitarajia. Aliona aibu kuihuzunikia namba, tena ya uongo, lakini aliipenda. Futi sita zilikuwa zinaondoka na hazirudi. Hakuomba zote. Aliomba kidogo tu, kama kifuta jasho. Basi visigino vyake vikaanza kupanda, polepole, vyenyewe. Mlingoti aliviona, na kwa kuwa ni rafiki, akageuka kutazama dari.

Vifundo vya miguu ya mzee vikalia, ko. Mlio mdogo tu, lakini kwenye benchi kulikuwa na mtu anayeujua. Ni mlio ule ule anaoutoa mumewe kila asubuhi akifikia kopo la sukari kabatini.

"Mume wangu," mkewe akasema. "Shusha visigino."

Bwana Nukta akasema amesimama kawaida.

Mama akageuza uso kuelekea ilikotoka sauti, akakosea kidogo, akawa anamwambia Mlingoti. "Wewe unadhani mimi sikuona siku ile uliyokuja kwetu kuposa?" akasema. "Nilikuwa naona vizuri sana. Nilikuona mfupi, nikakutaka mfupi. Nikifunguliwa macho nataka nikukute wewe yule yule niliyekuona siku ile. Akija mtu mwingine, mrefu, mimi simjui."

Mlingoti, aliyekuwa akitazamwa, akasogea pembeni taratibu ili maneno yampite yaende kwa mwenyewe. Karani alibaki na faili hewani.

Bwana Nukta akashusha visigino mpaka vikagusa sakafu. Akamwambia karani asome sasa. Na alipokuwa akisema hivyo ikamtoka pia ile pumzi aliyokuwa ameibana tangu alipoingia mlangoni, kifua kikalala, akapungua nusu inchi nyingine, na karani akaiandika hivyo hivyo.