Kifuniko cha Tangi

Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa wa ufundi magari, na kama kuna neno linalonipandisha mori, ni mteja kuniambia gari lake "linazima lenyewe". Hakuna gari linalozima lenyewe. Linazimwa na kitu, ama na mtu.

Basi mama mkwe akaniletea neno hilo hilo. Ni mkunga mstaafu, ana miaka sabini na moja, na bado huzunguka mtaa hadi mtaa kuwatazama wanawake waliojifungua. Anasema akiendesha kama nusu saa, gari linakohoa, linanyamaza katikati ya barabara, malori yanampigia honi. Akilipumzisha kidogo, linawaka.

Nikabadilisha plagi. Nikasafisha njia ya mafuta. Nikafunga pampu mpya. Kila nikilijaribu mwenyewe, saa nzima linakwenda kama limetoka kiwandani jana; akilichukua yeye, kesho yake napigiwa simu. Sasa nikae ubavuni mwa mama mkwe nimkague anavyokanyaga klachi? Kwa uso gani? Shemeji zangu wawili waliponiuliza, nikawajibu kwa kiburi cha fundi: "Gari ni zima. Labda miguu ya mama imechoka."

Walikuwa wanalingoja neno hilo tu. Wakaitisha kikao cha Jumapili, mama anyang'anywe ufunguo. Bila gari angebaki kibarazani kutazama wapita njia, na hakuna asiyejua kuwa hilo lingemmaliza. Mke wangu hakunisemesha siku mbili.

Mficha uchi hazai. Jumamosi nikamwomba mama anipakie. Jamani, yule mama anaendesha! Gia zinaingia bila kelele, kona anazikata taratibu, mimi mwenyewe simfikii. Dakika ya thelathini na tano gari likakohoa, likazima, na miguu yake nilikuwa naitazama: haikukosea kitu. Nikashuka, nikafungua kifuniko cha tangi. Fyuuu! Tangi likavuta hewa kama mtu aliyezibuliwa pua.

Mnajua dumu la mafuta ya kupikia: ukilitoboa tundu moja, mafuta yanagoma kutoka mpaka utoboe la pili, hewa iingie. Kifuniko cha tangi kina tundu lake dogo kwa kazi hiyo hiyo. Hiki hakikuwa nalo. Kilikuwa cha gari jingine, kimefungwa miezi mitatu nyuma kwa sababu cha zamani kilipasuka na hiki kilienea. Nani alikifunga? Mimi. Na mbona kwangu halikuzima? Kwa sababu ya ubahili wangu. Nikijaribu gari la mtu natia mafuta yangu, na kifuniko nakiegesha tu bila kukikaza, maana nikirudi nayanyonya yaliyobaki. Nyani haoni kundule.

Jumapili nikasimama mbele yao wote, kifuniko mkononi, nikaeleza mwanzo hadi mwisho. Nikamaliza: "Kosa ni langu. Mama hana kosa."

Shemeji mkubwa akafuta machozi. "Mnamwona mkwe? Anajitwika aibu ili mama asitahayari."

"Nasema kweli, shemeji."

"Tunajua, tunajua," akasema mdogo wake, akinipigapiga bega. Mke wangu akanitazama kwa mapenzi nisiyoyastahili. Kisha wakauchukua ufunguo wa mama mezani, wakaniwekea kiganjani. Gari nikae nalo mimi, mama akiwa na safari nimpeleke.

Nikamfuata uani, alikokuwa anaanua nguo. Nikamnyooshea ufunguo. Nikamwambia, mama, nimewaeleza ukweli wote, hawataki kuamini, na roho inaniuma.

Hakuupokea. Alikuwa anakunja shuka, pembe kwa pembe.

"Nilikusikia, mwanangu," akasema. "Lakini uliposema ni miguu yangu, walikuamini siku ile ile."