Kiganja cha Mama Buakham

Kwetu mzazi halalamikii moto. Akishajifungua analazwa kwenye kitanda cha mianzi, makaa yakiwa chini yake ili joto limponye, na kulipima joto si kazi yake. Anayepima ni mwenye kiganja, na kijijini kwetu kando ya mto Mekong mwenye kiganja alikuwa mama yangu, Buakham. Alikilaza juu ya mianzi, akatazama pembeni kidogo, kisha akasema "lala" au "punguzeni makaa". Hakuna aliyembishia.

Miaka ya karibuni alianza kutoa wali wa kunata kwenye kikapu cha mvuke bila kitambaa. Aliugeuzageuza kwa mikono mitupu huku sisi wengine tukipuliza vidole. Shangazi zangu walimsifu kwamba mikono yake imekomazwa na kazi, naye akazidi kujidai. Sifa zile zinanikera mpaka leo.

Mdogo wangu Latsami akajifungua mtoto wa kike. Mama alikuwa amemngoja mjukuu huyo kwa hamu, hata kuni za mkwaju alizichagua mwenyewe. Akapima, akasema lala. Latsami akalala, akajigeuza, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mgongo unaungua.

"Umekaa mno mjini Vientiane wewe," shangazi akamcheka. "Sasa hata moto unaudekea."

Mama akapima tena, kiganja chote, bila haraka.

"Mbona vuguvugu tu, mwanangu? Vumilia kidogo."

Latsami akavumilia, kwa kuwa aliyesema ni mama. Tulipomwinua, kiuno chote kilikuwa malengelenge, na mengine yalikuwa yameshapasuka.

Kwenye zahanati, muuguzi alimfunga vidonda, kisha akauliza nani aliyepima moto. Mama akajitaja bila kusita. Muuguzi akamwomba afumbe macho, akamgusisha vidoleni kikombe cha chai ya moto, halafu chupa ya maji iliyotoka kwenye friji. Mama alijibu upesi kama kawaida yake. Kikombe akakiita baridi, chupa akaiita moto. Alipofumbua macho alikuta vyote viwili mbele yake.

Muuguzi alieleza kwa upole. Ndani ya ngozi kuna ncha za mishipa ya fahamu, nyembamba kuliko unywele. Nyingine hunasa baridi, nyingine hunasa joto, zikapeleka habari kwenye ubongo. Kisukari, ambacho mama alikitibu kwa majani machungu akaacha vidonge kabatini, kilikuwa kikiziua, kuanzia miguuni na baadaye vidoleni.

"Zikifa hazipigi kelele, mama," alisema. "Mtu anaona tu moto umekuwa mpole."

Nilitaraji mama amlilie Latsami. Hakulia. Aliuliza tu zimeanza kufa lini, na muuguzi akasema ni vigumu kujua, huenda ni miaka.

Tulipofika nyumbani mama hakuingia ndani, akavuka barabara kwenda kwa jirani yetu Dalavan, aliyejifungua wakati wa mavuno yaliyopita na ambaye moto wake ulipimwa na kiganja kilekile. Nikamfuata. Dalavan alikuwa akianika nguo za mtoto, akatusalimu kwa furaha. Mama akamsogelea.

"Nionyeshe mgongo, mwanangu."

Dalavan alinitazama mimi, nami nikainamisha macho. Akaiweka nguo aliyoishika, akageuka, akapandisha blauzi. Kovu lilianzia kiunoni likapanda mpaka mbavuni, pana, linang'aa. Moyo uliniuma kwa ajili ya wote wawili.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema ni vuguvugu, Mama," Dalavan akajibu, bado ametugeuzia mgongo. "Nikadhani ngozi yangu ndiyo mbovu."